Hazina ya uganga ya Ninawi: kilichoungua, kilichobaki na kilichopotea kweli

Wapenzi wa hadithi za falme za kubuni wanaijua maktaba hii kabla hata mtunzi hajaieleza. Iko chini ya mji ulioanguka. Ilikusanywa na mfalme aliyetaka kujua kila kitu, imejaa maneno mazito ambayo hakuna tena awezaye kuyasoma, na iliteketea siku mji ulipovamiwa. Mtunzi huishia hapo, na ana haki, maana kitu kilichoungua hakidai maelezo.

Maktaba ya namna hiyo iliwahi kuwepo kweli. Ilikuwa Ninawi, mji uliokuwa ng'ambo ya Mto Tigris kutoka Mosul ya kale, kaskazini mwa Iraki. Ni Ninawi ileile ya Nabii Yunus, au Yona kwa wasomaji wa Biblia. Mfalme alikuwepo, moto ulikuwepo, na maandishi yenyewe yalikaa karne nyingi bila mtu wa kuyasoma. Kisha yakafukuliwa na kusomwa, na yaliyotoka humo hayafanani na ya kwenye hadithi. Hata hivyo, maktaba ya mfalme Ashurbanipal bado husimuliwa kwa maneno yaleyale: siri za uchawi wa kale zilizopotea motoni. Ukiyapima maneno hayo, karibu kila moja lina walakini.

Moto ulifanya nini

Ashurbanipal alitawala Ashuru tangu mwaka 669 K.K. hadi karibu 631 K.K., wakati dola hiyo ilipokuwa kubwa kuliko zote katika eneo lile. Mwaka 612 K.K., yeye akiwa keshafariki, Wamedi na Wababeli waliuvamia mji, wakapora majumba ya kifalme na kuyatia moto. Wayunani walibaki na kumbukumbu iliyopinda ya mambo hayo. Walisimulia habari za mfalme Sardanapalus, mvivu na mpenda anasa, aliyejichoma pamoja na masuria na mali zake zote. Hadi mwaka 1827 mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix alikuwa bado anachora kisa hicho, kwa kuwa Ulaya ilikuwa haijapata habari za kuaminika zaidi.

Miaka ishirini na kidogo baadaye, Mwingereza Austen Henry Layard alikuwa akichimba kilima kiitwacho Kuyunjik. Katika jumba la Senakeribu, babu yake Ashurbanipal, aliingia vyumba viwili akakuta sakafu imefunikwa na vibao vya udongo, vizima na vilivyovunjika, kwa kina cha futi moja na zaidi. Desemba 1853 ikawa zamu ya Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, ambaye alilifikia jumba la Ashurbanipal mwenyewe. Alichimba usiku, kwa kujificha, kwa sababu sehemu ile ya kilima ilikuwa imeachiwa Wafaransa. Mzigo wote ukaishia London, na vibao vya jumba moja vikachanganyika na vya jingine kiasi kwamba mara nyingi haiwezekani kujua kipi kilitoka wapi. Leo British Museum ina zaidi ya vipande 30,000 kutoka kilima hicho. Idadi hiyo hurudiwa mno kana kwamba ni vitabu 30,000, lakini ni vipande, na kibao kimoja kinaweza kuwa kimevunjika mara nyingi.

Vibao hivyo viliandikwa kwa mwandiko wa kikabari: mwandishi alibonyeza ncha ya mwanzi kwenye udongo mbichi, kisha akauacha ukauke tu. Udongo wa namna hiyo ukipata moto mkali huiva kama chungu, na baada ya hapo hauogopi maji wala miaka. Moto wa mwaka 612 uliviokoa vibao vingi kwa bahati. Kama Ashurbanipal angeandika kwenye ngozi au mafunjo, sisi leo tungekuwa na Sardanapalus peke yake.

Mfalme aliyetaka kila kibao

Ashurbanipal alijivunia kusoma na kuandika, jambo ambalo wafalme wenziwe waliwaachia makarani. Katika maandishi yake anasema alijifunza elimu ya siri ya waandishi na kuyachunguza mawe yaliyoandikwa kabla ya gharika. Kwenye michoro ya ukutani inayomwonyesha akipambana na simba, kalamu imechomekwa mshipini mwake. Kumuua simba na huku umebeba kalamu ni maringo ya aina yake.

Ipo barua ya kifalme, tunayoijua kwa nakala za baadaye, inayomwagiza afisa mmoja wa Borsippa, mji wa jirani na Babeli, aende nyumba kwa nyumba na katika hekalu la Ezida kukusanya vibao. Mfalme anataja anavyovitaka: maombi ya kuinua mikono, kinga ya kuzuia mshale usimfikie mtu vitani, dua za kusomwa unapopita nyikani na unapoingia ikulu, na chochote kingine chenye manufaa kwa ufalme ambacho Ashuru haina. Anaongeza kwamba mtu yeyote asithubutu kumnyima afisa huyo kibao.

Kisha kukatokea vita. Ndugu yake, Shamash-shum-ukin, aliyekuwa mfalme wa Babeli, aliasi mwaka 652 K.K., na Babeli ikaanguka mwaka 648. Mwaka uliofuata orodha za Ninawi zinaonyesha shehena ikiingia: vibao vya udongo karibu 2,000 na mbao 300 za kuandikia, vingi vikitoka kwa wataalamu binafsi, kila mmoja akiorodheshwa kwa jina, kazi yake na idadi ya alivyotoa. Watu nao walichukuliwa. Kumbukumbu moja ya ikulu inamtaja Ninurta-gimilli, mtoto wa gavana wa Nippur. Inasema amemaliza kunakili mfululizo wa maandishi aliopewa, ametiwa minyororo, na kwa sasa hana kazi. Nimesoma mengi ya kumsifu Ashurbanipal kama mpenzi wa elimu, na machache sana kati ya hayo yanamkumbuka kijana huyu.

Ndani yake mlikuwa na nini

Maktaba hii ni maarufu kwa kisa cha Gilgamesh, hasa tangu Desemba 1872 George Smith alipotangaza London kwamba amekuta humo habari za gharika. Lakini tenzi na visa vya miungu ni sehemu ndogo. Fungu kubwa kuliko yote ni fali, yaani ishara na tafsiri zake, zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa "ikiwa kumetokea hivi, basi kutatokea vile". Mfululizo wa ishara za mbinguni una vibao karibu 70: mwezi, jua, sayari, radi, mawingu. Ule wa ishara za duniani unazidi vibao 100 na unagusa kila kitu unachoweza kukutana nacho nyumbani na njiani, kuanzia siafu, mijusi na nyoka hadi mahali mji ulipojengwa. Mstari wake wa kwanza unasema mji ukijengwa mahali pa juu, wakazi wake hawatakuwa na raha. Kuna vibao vya kusoma ini la kondoo aliyechinjwa. Kuna vya watoto na wanyama waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kawaida.

Vingine 40 ni vya kuchunguza wagonjwa. Mpangilio wake unahusishwa na mwanachuoni aitwaye Esagil-kin-apli, wa karne ya 11 K.K. Uchunguzi unaanza mganga akiwa bado yuko njiani kwenda kwa mgonjwa: akiona mbwa mweusi au nguruwe mweusi, mgonjwa huyo atakufa. Baada ya hapo kazi inakuwa ya makini kuliko unavyotarajia. Mwili unapitiwa kuanzia kichwani hadi miguuni, homa inafuatwa siku kwa siku, rangi ya ngozi na mkojo inatazamwa.

Sasa neno "uchawi". Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa, kwa sababu hahitaji kufundishwa kwamba mganga ni mmoja na mchawi ni mwingine. Waashuru walitenganisha hivyohivyo. Mtaalamu wao, *āšipu*, alikuwa mtu wa heshima, msomi wa hekalu au ikulu, na kazi yake kubwa ilikuwa kukinga na kuondoa. Mchawi alikuwa yule asiyejulikana, anayetupa mambo gizani. Katika maelfu ya vipande vya Ninawi, maandishi ya kumroga mtu ni kama hayapo. Yaliyopo ni ya kumrudishia mchawi kazi yake.

Kubwa kati ya hayo linaitwa *Maqlû*, maana yake "kuchoma". Lina vibao nane vya maapizo, yanayokaribia mia, na cha tisa cha maelekezo. Lilifanywa kwa usiku mzima hadi asubuhi, katika mwezi wa Abu, karibu na Julai na Agosti, wakati ambao roho za wafu zilisadikiwa kuzunguka. Visanamu vya mchawi vya nta, udongo, unga, lami au mti vilitengenezwa, vikaapizwa na kuchomwa. Lipo na jingine la moto, *Šurpu*, kwa ajili ya mtu aliyeandamwa na laana asiyoijua chanzo chake, pengine kiapo alichokivunja. Mtu huyo hupewa kitunguu, akakimenya ganda baada ya ganda na kulitupa motoni, huku maneno yakisema: kama kitunguu hiki kinavyomenywa na hakitapandwa tena wala mizizi yake haitashika ardhi, ndivyo laana hii na imenyuke. Baada yake hufuata shada la tende linalopukutishwa, jamvi linalofumuliwa na sufu inayonyofolewa. Ukiwa umekaa pale na jamvi mkononi, mwili unaelewa kinachofanyika hata pale mganga anapotumia Kisumeri, lugha ya kale ya ibada, nawe hukielewi. Na wagonjwa wengi hawakukielewa, kwa kuwa Kisumeri kilikuwa hakizungumzwi mitaani kwa zaidi ya miaka elfu.

Nyumba nazo zilizindikwa. Maelekezo yameandikwa: tengeneza mbwa wa udongo, wapake rangi mbalimbali, kila mmoja mpe jina lake, wafukie. Katika jumba la Ashurbanipal walikutwa mbwa watano wa namna hiyo, wadogo wa kutosha kiganjani, majina yakiwa yamechorwa ubavuni. Mmoja anaitwa "Mfukuza uovu". Mwingine "Mkamata adui". Mwingine jina lake linamwamuru: "Usifikiri, ng'ata!" Ni nadra sana kwa maandishi ya kale na kitu chenyewe kukutana hivi, kibao kikieleza na mbwa akithibitisha.

Ilikuwa ofisi, haikuwa ghala

Hapa ndipo hadithi za kubuni zinapokosea zaidi. Zinaichukulia maktaba kama ghala la nguvu: atakayeufungua mlango atatawala. Aliyeukusanya uganga wa Ninawi alikuwa tayari anatawala, na alichokuwa akikitafuta ni kulala usingizi.

Barua za wataalamu wa ikulu zimesalia kwa mamia, nyingi za enzi ya baba yake, Esarhadoni, aliyetawala tangu 681 hadi 669 K.K. Esarhadoni aliiteka Memfisi ya Misri mwaka 671. Huyohuyo alikuwa mgonjwa wa mara kwa mara, mwenye ngozi iliyomsumbua, aliyeandika kuwauliza wasomi wake maana ya kila tetemeko na kila kupatwa kwa mwezi. Wao walifungua vibao na kujibu. Wakati mwingine walimtuliza, wakati mwingine walimwambia kuna kafara ya kufanywa. Karibu kila fali mbaya ilikuwa na kafara yake, hivyo vibao vya ishara na vya uganga vilitegemeana: hiki kinasoma hatari, kile kinaiondoa.

Kafara nzito kuliko zote ilihusu kupatwa kwa mwezi kunakotabiri kifo cha mfalme. Mtu mwingine aliwekwa kwenye kiti cha enzi, akavikwa mavazi ya kifalme, akapewa malkia, na ishara zote mbaya zikasomwa mbele yake ili zimwangukie. Hali hiyo ingeweza kudumu hadi siku 100. Mfalme wa kweli alijificha, na katika barua za wakati huo wasomi wanamwita "mkulima": kwa mkulima, bwana wangu. Kisha yule wa badala aliuawa. Barua moja inamtaja Damqi, mtoto wa mkuu wa hekalu la Akadi, aliyekufa pamoja na malkia wake. Mwandishi anaripoti, kwa lugha ya mtu anayefunga faili, kwamba kaburi liliandaliwa, wawili hao wakapambwa, wakazikwa na kuliliwa, na ishara zote zikafutwa.

Ndiyo maana mfalme alitaka kila kibao. Fali moja iliyokosekana kwenye rafu ilikuwa hatari moja isiyo na kafara.

Siri gani, na ilipotea lini

Vibao vingi vya uganga vina onyo mwishoni: mjuzi amwonyeshe mjuzi, asiyejua asione. Vya Ashurbanipal vina na laana kwa yeyote atakayekichukua kibao au kuandika jina lake badala ya la mfalme, kwamba miungu Ashuri na Ninlil wamwangushe kwa hasira na kulifuta jina lake na uzao wake nchini. Ukisoma hayo utadhani nakala ilikuwa moja tu duniani. Haikuwa hivyo. Maandishi haya haya yamepatikana katika mji wa Ashuri, kwenye nyumba ya familia ya waganga. Yamepatikana Sultantepe, kusini mwa Uturuki ya leo. Yapo ya Uruk na ya Babeli. Siri ilimaanisha elimu ya wenye fani, iliyofundishwa kwa mwanafunzi aliyekubaliwa na mara nyingi kurithishwa baba kwa mwana, na kila mwenye fani alikuwa na nakala zake.

Kwa hiyo Ninawi ilipoungua, uganga haukuungua. Babeli iliyoshinda vita ndiyo iliyokuwa kitovu chake, na huko waliendelea kunakili na kutumia vibao hivyo kwa zaidi ya miaka 600. Kilichoumaliza kilikwenda polepole sana. Kiaramu kilichukua nafasi ya Kiakadi, lugha ya Waashuru na Wababeli, midomoni mwa watu, ngozi na wino vikachukua nafasi ya udongo, mahekalu yakakosa wafalme wa kuyalisha, na wanafunzi wakapungua. Vibao vya mwisho vya kikabari vyenye tarehe ni vya karne ya kwanza B.K., na vinahusu nyota.

Nyota ndizo zilizopona. Wasomi wa Babeli ndio walioigawa njia ya jua sehemu 12 zilizo sawa, kila moja nyuzi 30, mnamo karne ya 5 K.K. Wayunani wakaichukua, Waarabu wakaipokea na kuiendeleza, na kwa njia ya elimu ya falaki ikafika pwani ya Afrika Mashariki. Mtu wa Lamu au Unguja akiambiwa nyota yake ni Akrabu, anatajiwa nge yuleyule waliyemtazama waandishi wa Babeli. Asadi alikuwa simba kwao pia, na Mizani ilikuwa mizani.

Basi ni kipi hasa kilichopotea? Kwanza mbao. Zile 300 za mwaka 647 zilikuwa za mti uliopakwa nta, na hizo moto ulizimaliza. Tunajua zilivyoonekana kwa sababu mwaka 1953, huko Nimrud, wachimbaji walitoa kisimani mbao za pembe za ndovu na za mjozi, za enzi ya mfalme Sargoni II, zikiwa bado na mabaki ya nta yenye maandishi ya ishara za mbinguni. Udongo uliokolewa na moto, mbao chache zikaokolewa na maji.

Pili, dawa. Vibao vinataja mimea mamia kwa majina ambayo mengi yake hatuwezi kuyaambatanisha na mmea wowote unaoota leo. Orodha zao za dawa zinalinganisha baadhi ya viungo vya kutisha na mimea ya kawaida, na wataalamu wanabishana ni wapi tunasoma kiungo chenyewe na wapi tunasoma jina la fumbo.

Tatu, na hili ndilo ninaloliona kuwa hasara kubwa, ni yale yaliyokuwa hayaandikwi. Wasomi wa Ninawi wenyewe waligawa elimu yao: iliyo ndani ya mfululizo rasmi, iliyo nje yake, na "iliyotoka kinywani mwa mwalimu". Katika barua moja msomi anamwambia mfalme waziwazi kwamba ishara anayoitaja haimo kwenye mfululizo, imetoka kwa mdomo wa walimu. Apizo la *Maqlû* tunalo, ila hatujui liliimbwa kwa sauti gani, mganga alifupisha wapi, alimtazamaje mgonjwa, na alijuaje kwamba leo kafara ndogo inatosha.

Kazi iliyobaki ni ya kuunganisha vipande. Tangu 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Ludwig Maximilian, Munich, wanatumia programu za kompyuta kulinganisha herufi chache za kipande kimoja na maelfu ya mistari inayojulikana, na vipande vilivyokaa makabatini tangu enzi za Layard vinapata wenzao. Mradi wa British Museum wa kuiorodhesha maktaba hii ulianzishwa mwaka 2002 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Mosul. Katika mji huohuo wa Mosul, Julai 2014, wapiganaji wa Daesh waliulipua msikiti wa Nabii Yunus uliojengwa juu ya jumba la Esarhadoni, wakachimba mahandaki chini yake kutafuta vitu vya kuuza. Walipofukuzwa, wanaakiolojia wa Iraki waliingia kwenye mahandaki hayo na kukuta kuta za jumba lenyewe, zenye maandishi yanayomtaja mfalme huyo.